Kakao Haingoji Matanga

Tangu juzi Biloa alikuwa amekalishwa chini, na kukaa ni kazi iliyomshinda tangu utotoni. Mimba zake zote alizilea shambani, panga mkononi. Mama yake, kule ng'ambo ya mto Sanaga, alizoea kulalamika kwamba mtoto huyu ukimtuma kitu hurudi kabla hujamaliza kumwambia anachotumwa. Sasa amekuwa mjane, na mjane wa nchi hii ya Lekie hapandi kitini, haendi kisimani, hashiki panga. Hukaa sakafuni juu ya majani ya mgomba, kichwa kimenyolewa, dada za marehemu wamemzunguka. Kichwa alinyolewa bila neno. Maneno ya wifi zake aliyameza. Kilichomtesa ni harufu iliyokuwa ikiingia kwa dirisha la nyuma.

Ilikuwa harufu ya kakao yake. Lundo zima lilikuwa nyuma ya jiko, limevundikwa kwa majani ya mgomba, na asubuhi ile ndiyo iliyokuwa zamu ya kugeuzwa. Kakao ikianza kuvunda hunuka utamu wa mvinyo wa mnazi, halafu hunuka siki, na siki hiyo ni njema, ndiyo kazi yenyewe inavyokwenda. Lakini sasa chini ya siki alisikia harufu nyingine, nzito, ya kitu kilichofungiwa kikakosa hewa. Jua lilikuwa limepinda. Lundo lisipogeuzwa leo, kati litaungua na pembeni litaota ukungu, na kitakachobaki ni cha kutupwa.

Na ile haikuwa kakao ya hivi hivi. Ilikuwa ya mwisho kupita mikononi mwa mumewe, Tsala. Siku ile majirani walikuja kusaidia kupasua matunda, wakaimba, wakanywa mvinyo, wakataniana mpaka kakao yote ikatoka kwenye maganda. Tsala alikataa kuliacha lundo shambani kwa kuogopa wezi. Alibeba vikapu kichwani, kimoja baada ya kingine, akipanda kile kilima hadi jikoni. Alfajiri yake akasema kifua kinambana. Wakampakia kwenye pikipiki wampeleke hospitali ya Obala, naye akakata roho njiani, katikati ya mwendeshaji na Biloa. Mwili ulifikishwa Obala, ukawekwa kwenye baridi ya mochari, ukingoja mazishi ya Jumamosi.

"Wifi Abena," Biloa aliita.

Abena alikuwa dada mkubwa wa Tsala, muuza samaki wa kukaushwa katika soko la Obala, mwenye sauti ya kuita wateja hata akiwa anasali.

"Unasemaje, mke wangu?"

"Kakao inataka kugeuzwa."

"Igeuzwe na nani? Mwenyewe hajazikwa, wazee wa ukoo hawajatamka neno juu ya vitu vyake, halafu mtu akatie mkono? Kaa chini."

"Si nimekaa?"

"Hujakaa wewe, umetua tu. Goti hilo linacheza ngoma gani?"

Wanawake wawili wa ukoo, Ngah na Messina, wakacheka. Biloa akalishika goti kwa mikono miwili. Lilipotulia, vidole vya mguu vikaanza.

Abena huyu huyu ndiye aliyeongoza kicheko miaka ile Biloa alipoletwa kwa akina Tsala. Hapo nyumbani kakao ilivundikwa bila kugeuzwa mpaka mtu achoke, kisha ikamwagwa juu ya lami, magari yakapita pembeni na mbuzi wakapita katikati. Mnunuzi alikuja na kisu chake, akapasua punje, akakuta ndani zambarau, ishara kwamba haikuvunda sawasawa, akakunja uso na kuitia katika fungu la takataka. Bibi harusi akasema hapana, kakao inataka kugeuzwa, na inataka chanja yake ya kuanikia. Aligombana na Tsala msimu mzima. Kijijini wakamwita mpishi wa kakao, wakamuuliza ataipakua lini waje na sahani. Baadaye mnunuzi akawa anaanzia kwao, na magunia ya Tsala yakawekwa peke yake kwenye gari, yakaenda Duala kupanda meli. Ng'ambo huko wanaigeuza kuwa kitu gani, Biloa hakujali sana. Hayo ni mambo yao wenye midomo ya kuila. Yeye alitaka ifike bandarini bila aibu.

Harufu ikaingia tena. Biloa akanyanyua makalio kidogo, akayarudisha.

Abena aliwatuma wenzake jikoni wakalete mihogo ya kufunga kwenye majani, kisha akasogea karibu, sauti ameishusha mpaka ikawa ya kawaida.

"Nisikilize. Watu wanasema. Mume amekufa, siku ya tatu hii, macho yako makavu. Unageuza shingo dirishani kila saa kama anayengoja mgeni. Unajua wanaongeza nini? Wanasema huyu hashangai, huenda anajua kilichomuua."

"Wewe unasema hivyo?"

"Ningesema hivyo ningekuwa nimekaa nawe hapa?"

Biloa alitazama mikono yake. Aliona aibu kuliko ya kunyolewa. Mumewe amelazwa kwenye baridi ya watu asiowajua, na yeye moyo wote uko nyuma ya jiko. Alikuwa amejaribu kulia. Alikuwa amemfikiria Tsala kwenye pikipiki, kichwa kimemlalia begani, na machozi yalipokaribia tu, harufu ikaja, na akili ikakimbilia kwenye lundo. Alijichukia kwa hilo.

"Siwezi kulia nikiwa naisikia ile," alisema. "Alipandisha kilima chote kile, wifi. Ikioza, alipandia nini?"

Abena aliinuka. Alichungulia nje. Wanaume walikuwa mbele ya nyumba wakifunga maturubai ya msiba, na waliokuwa wakinywa walikuwa wengi kuliko waliokuwa wakifunga.

"Mjane anaweza kupelekwa kulia mahali mumewe alipofanya kazi mara ya mwisho," alisema.

"Nani kasema?"

"Mimi nimesema. Dada wa mume si mume? Basi mumeo amesema. Ila utalia, Biloa! Ulie mpaka wale walevi waweke chini vikombe."

Wale wawili waliporudi na mihogo, wakatoka. Abena mbele, Ngah na Messina wamemshika mjane huku na huku, wote wanne wanapiga ukemi. "Tsala weee! Umeniachia nani, Tsala!" Biloa alipayuka, pua imeelekea upande wa jiko. Wanaume wakavua kofia. Mzee mmoja akatikisa kichwa kwa huruma na kusema afadhali, sasa ameanza.

"Polepole!" Abena alimvuta nguo. "Mjane hakimbii!"

"Sikimbii."

"Unatuburuta!"

Nyuma ya jiko Biloa aliwaponyoka. Alipiga magoti, akaondoa majani, na mvuke ukampanda usoni. Pembeni punje zilikuwa zimeanza kupauka. Akachomeka mikono yote miwili mpaka viwikoni. Ndani kulikuwa na moto, lakini punje zilikuwa bado zinateleza, rangi imeanza kushuka kwenye wekundu wa hudhurungi. Ilikuwa haijaharibika.

"Ipo," alisema. "Ipo! Ngah, leta ule ungo. Messina, za pembeni zije kati, za kati ziende pembeni. Si kwa kijiko, mama, tia mikono, haikung'ati."

Wakainama, wakaanza kazi. Ukemi ukakatika.

"Jamani lieni!" Abena alinong'ona kwa hasira. "Kimya hiki kitatuponza!"

Basi Messina akawa analia kwa niaba ya wote, anachota na kulia, anauliza katikati ya kilio kama hizi nyeusi zitolewe, na Biloa anajibu zitolewe. Kwa mara ya kwanza tangu juzi mwili wake ulitulia. Aligeuza lundo lote mpaka chini, akavunjavunja mabonge, akasawazisha juu kwa kiganja. Kisha, macho bado yako kwenye kakao, akanyoosha mkono nyuma kama alivyounyoosha kila msimu tangu aolewe.

"Tsala, majani."

Mkono ukabaki hewani. Messina aliacha kuchota. Biloa aliutikisa kidogo, kama mtu aliyechoshwa na uvivu wa mwenzake, halafu akageuka kuangalia anachelewa nini.

Kilichomtoka hakikuwa ukemi. Kilikuwa sauti ndogo, ya chini, isiyo na jina la mtu ndani yake, nayo haikukoma. Alikaa palepale kwenye udongo bila kukalishwa na mtu, mikono imejaa ute wa kakao, akalia hivyo. Abena, ambaye siku tatu nzima alikuwa akidai machozi, alisimama mbele yake hajui pa kushika. "Basi, mke wangu," alisema. "Basi. Imetosha sasa." Alipoona haitoshi, akayaokota majani mwenyewe na kuanza kulifunika lundo, ovyo, huku na kule.

Biloa alimtazama kupitia machozi.

"Si hivyo," alisema huku akilia. "Anzia kwa chini. Yapandane. Hapo umeacha tundu, wifi, hapo, kwenye mkono wako wa kushoto."