Nohelia Aliyeacha Karai Akafuata Kura

Hapa Caigüire, mtaa wetu wa wavuvi mjini Cumaná, ukiuliza empanada za papa, zile sambusa za unga wa mahindi, utaambiwa nenda kwa Nohelia, na ukiuliza mwanamke mbishi utaambiwa nenda kwa Nohelia huyohuyo. Mimi nauza kahawa pembeni yake tangu hajaolewa, kwa hiyo namjua. Mumewe yuko ughaibuni, Lima, anatuma salamu na picha za vyakula anavyokula. Mabinti wawili, viatu vyao, madaftari yao, vyote vinatoka kwenye karai la mafuta, na karai lilikuwa kwenye kona ya mlango wa soko la samaki. Kona ile ni dhahabu. Kila anayetoka sokoni lazima apite mbele yako na njaa yake.

Na kona ile haina hati. Kwetu kona ni ya anayewasha moto pale, mpaka aitoe kwa mdomo wake mbele ya watu. Ukishasema "chukua", basi, ulie mpaka ukauke.

Sasa akaja Deivis, kijana wa mtaa wa nyuma, anaongea kama redio iliyokwama. Alikuwa kwenye ule mtandao ambao Cumaná nzima ilikuwa inausema, huo wa blokucheni. Unaandika, unaweka picha, watu wanakupigia kura, na kura zinageuka sarafu za humohumo, ambazo muuza kuku na mwenye duka la dawa wanazipokea. Mtandao hauna bosi wala ofisi. Ukiandika neno linakaa kwenye mashine za watu dunia nzima, na hakuna wa kumbembeleza akufutie.

"Dada Nohelia, wewe una kipaji," Deivis akamwambia, mdomo umejaa empanada ambayo hakuilipia. "Andika mapishi. Utaacha kunuka mafuta."

"Nani ananuka mafuta?"

"Sote, dada. Mtaa mzima."

Nohelia akaandika. Kule mgeni anaanza kwa kujitambulisha: picha yako umeshika karatasi yenye jina lako, na maisha yako kidogo. Akaeleza habari za mume wa Lima, watoto, moshi. Nilisomewa, na siwezi kusema uongo, yalikuwa mazuri. Kura zikamwagika. Kuna watu wazito kule ambao kazi yao ni kuwakaribisha wageni kwa kura. Wiki ilipoisha malipo yakaingia, na posti ile moja ilimpa kuliko karai la wiki nzima.

Mwanamke akavimba kichwa. Akapiga hesabu za posti ambazo hajaziandika. Kesho yake akaja kwenye kona midomo imepakwa rangi, unga hana.

"Yraima!" akamwita yule anayekaanga ng'ambo ya barabara, ambaye papa kwenye empanada zake lazima umtafute kwa tochi. "Njoo uchukue kona. Mimi na moshi tumeachana."

Nikamvuta gauni. "We mwanamke, umerogwa? Umelipwa mara moja tu!"

"Bi Eduvige, uza kahawa yako."

"Ukienda harusini ukapewa keki, kesho utarudi kudai nyingine?"

"Wivu huo," akanijibu, na watu wote wanasikia. Yraima hakusubiri aambiwe mara ya pili. Alikuwa ameshabeba jiko lake.

Posti ya pili haikufikia bei ya yai. Ya tatu ndiyo kabisa, hata ganda la yai hupati. Nohelia akamkamata Deivis njiani.

"Wewe mbona uliniambia watu wanaishi kwa hii?"

"Wapo, dada, wapo. Vumilia, ndiyo mwanzo."

"Wewe unaishi kwa hii?"

"Mimi naishi kwa mama."

Hapo mtu mwenye akili angekaa chini afikiri. Yeye akaona dawa ni kuandika kila siku, na maneno yakimwishia, achukue ya wenzake. Akaokota mahali maelezo ya supu ya samaki ya bibi mmoja wa Hispania, akabadilisha majina ya samaki, akaweka jina lake. Wapo watu kule wanaonusa wizi kama paka anavyonusa dagaa. Wakamgeuzia kura, zikawa za kumshusha. Jina lake, maana kule kila jina lina alama zake, likaanguka chini ya sifuri, na posti zake zikafichwa.

Akaja kwangu analia. "Nani atanifutia, Bi Eduvige?"

"Nenda kamuulize anayelala kwa mama. Mimi ninachojua, umeiba, na hata kuiba hujui."

Ndiyo, nilimwambia hivyo. Alistahili.

Nilidhani ataitupa simu. Hakuitupa. Alifuta machozi kwa aproni, akamwendea Yraima pale kwenye kona, na mimi nyuma yake.

"Yraima, nipe nusu ya kona. Asubuhi tu."

"Shoga, ulinipa au hukunipa?"

"Nilikupa."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Haya, nipishe, mafuta yamepata moto."

Ilikuwa haki yake. Yraima simpendi na sitampenda, lakini ilikuwa haki yake.

Kesho yake Nohelia akawasha moto kwenye ukuta wa hospitali. Jua linakupiga pale tangu asubuhi, na wapitaji ni wagonjwa, hawana hamu ya kula. Nikahamisha chupa zangu za kahawa nikamfuata. Si kwa mapenzi. Kukaa karibu na Yraima ndiko kulikonishinda.

Na kule mtandaoni aliandika hivi: "Nimeiba maneno ya mtu. Nayasema hapa kwa sababu hapa hakufutiki." Akamtaja yule bibi wa Hispania, akamwomba radhi. Wengine wakamsamehe, wengine wakamtukana. Mimi ningekuwa na hao wa pili. Akaanza upya kutoka chini. Anasoma ya wenzake mpaka mwisho ndipo anajibu, haandiki vile vijineno vya wageni, "nzuri sana, nipigie kura." Anaandika ya kwake, mara moja kwa wiki: jinsi ya kumjua papa aliyelala, kwa nini unga unapasuka ukiukanda kwa maji ya tangi. Umeme ukikatika, anangoja. Watu wakimpita, anaandika tena. Miezi ikaenda, jina likapanda, likavuka sifuri. Na pesa? Wiki nyingine inatoka chupa ya mafuta ya kupikia. Wiki nyingine inatoka salamu ya mwanamke wa Korea, basi.

"Mafuta nanunua kwa posti," anasema. "Watoto wanalishwa na karai. Nisije nikachanganya tena."

Ndipo asubuhi moja Yraima akatokea pale ukutani, amesuka nywele, ana simu mpya.

"Nohelia mpenzi, niambie ukweli. Huko kwenu kunalipa? Nimejitambulisha wiki iliyopita, kura hazihesabiki! Natafuta mtu nimwachie kona, nipumzike na moshi."

Moyo wangu uliruka. Nikamkanyaga Nohelia mguu.

"Kunalipa sana, mwanangu," nikamwambia Yraima. "Hebu mwone ngozi ilivyomlainika. Kona mwachie huyuhuyu, ameizoea."

"Bi Eduvige, nyamaza," Nohelia akasema. Akapangusa mikono. "Yraima, hizo kura ni za kukukaribisha. Zinakuja mara moja. Posti ya pili hupati hata bei ya yai. Sarafu yenyewe leo inapanda, kesho imelala. Utaandika miezi na hakuna anayekusoma. Ukipoteza funguo za kuingilia, hakuna dirisha la kwenda kulia. Ukitaka watu wa kuzungumza nao, na siku nyingine chupa ya mafuta, karibu sana, nitakufundisha. Ukitaka mshahara, rudi kwenye kona."

Yraima akamkazia macho. "Unanitega. Hutaki nipate ulichopata wewe."

"Nilichopata mimi ni huu ukuta."

Yraima akautazama ukuta. Akalitazama jua, na sinia la empanada lililojaa na wagonjwa wanaolipita.

"Basi kona siitoi," akasema.

"Usiitoe."

"Na posti ya pili niandike nini?"

"Andika papa wako huwa anakwenda wapi," nikamwambia.

Nohelia akacheka, akamsogezea kigoda, akamwonyesha kwenye simu pa kuanzia. Mimi nilingoja Yraima aende zake.

"Mjinga wewe. Kona ilikuwa mdomoni mwako, umeitema."

"Najua, Bi Eduvige." Akageuza empanada. Jua lilikuwa limeshatufika utosini. "Nisaidie kusogeza mwamvuli."

Nikausogeza. Kumsamehe, bado.