Zamu ya Winchi na Koito ya Jirani

Kisima cha kanisa letu hapa Kiplombe kinanywesha nyumba nyingi kuliko waumini tulio nao, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupanga matengenezo yake. Kuchimba ni furaha. Watu huimba na kupiga picha. Kutunza ndiko kunakotaka subira, kwa sababu winchi ya kuinulia mabomba ni moja, tunaitumia pamoja na makanisa mengine mpaka Moi's Bridge, na kila kisima hungoja zamu.

Mwaka mmoja zamu yetu iliangukia baada ya mavuno, Ijumaa na Jumamosi. Pampu ilikuwa bado inavuta maji vizuri. Nikasema tuifungue hivyo hivyo, kwa maana ikiharibika katikati ya kiangazi tutangoja winchi tukiwa na kiu.

Jirani yangu, mama mjane, akasimama mkutanoni.

"Mzee, Jumamosi ni koito ya binti yangu. Wakwe wanakuja. Nitawapikia na nini, mate?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amemlea binti yule peke yake, na siku ya koito, yaani posa, ukoo wa kijana hutazama kila kitu, hata maji ya kunawa.

"Mama, winchi ikiondoka Jumatatu, hatuioni tena mpaka mvua," nikamwambia. "Maji utapata. Nakuahidi mbele za Mungu."

"Mungu namjua, Mzee. Niambie maji yatakaa wapi."

Lilikuwa swali la haki. Niliomba, kisha tukakubaliana kwamba Alhamisi jioni kila nyumba ijaze mikebe yake ya maziwa na kuipeleka kwake. Boma lake likajaa mikebe hadi mlangoni. Nikalala nikishukuru.

Ijumaa asubuhi tukakamua ng'ombe. Hakuna hata mmoja wetu, watu waliozaliwa zizini, aliyekuwa amekumbuka kwamba maziwa nayo yanahitaji mikebe. Gari la maziwa likapiga honi, likatukuta barabarani na ndoo na sufuria.

"Ndoo sichukui," dereva akasema. "Mikebe mmeuza?"

Akaondoka. Tukatazamana. Mama akatoka kwake, akaona ndoo zile zote, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akacheka.

"Wazee wa kanisa! Mmepanga kila kitu isipokuwa ng'ombe. Leteni kwangu nichemshe."

Mchana, kisimani, fundi aliinua mabomba moja baada ya jingine. Kiungo cha mwisho, kile kilichoshika pampu, kilikuwa kimeliwa na kutu hadi kubaki kama karatasi. "Mzee, hii ingeanguka ndani," akasema, "mngechimba kisima kingine." Nikavua kofia.

Jumamosi wakwe walipewa chai ya maziwa matupu, kikombe juu ya kikombe. Mzee wao akaonja, akauliza, "Kwenu chai haijui maji?"

"Maji kwetu ni ya kunawa tu," Mama akamjibu, bila hata kunitazama.

Posa ikakubaliwa. Jioni ile pampu ikarudi mahali pake, ikavuta. Jumatatu winchi ikapakiwa kwenye trekta, na Mama akaja kisimani kusuuza mikebe ya watu kabla ya kuirudisha.

"Mzee," akaniita, "zamu yetu nyingine ni lini? Nina binti wa pili."