Niliolewa Kahawa Ikichanua

Watu wakiniuliza harusi yangu ilikuwaje, huwa natafuta jibu la adabu, nikilikosa nasema ukweli: ilinichosha. Wasichana wa siku hizi hunikodolea macho, maana wanataka kusikia habari za gauni. Gauni lilikuwepo. Lilikuwa la kuazima kutoka Songea, likinibana kwapani, na nililivaa. Ila kinachonijia kwanza si gauni, ni miguu iliyovimba na nywele zilizonuka moshi hata baada ya kuoshwa mara mbili.

Kwetu ni milimani, si mbali na Litembo. Mchumba wangu alikuwa mtu wa ziwani. Ilikuwa ile miaka biashara ilipofunguliwa, kila mwenye gunia akajiita mfanyabiashara, na yeye alikuwa akipandisha usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, mpaka soko la Mbinga. Mimi nilikuwa najifunza ushonaji kwenye baraza la duka moja pale mjini, na harufu ya usipa ilinifikia kabla ya mwenyewe. Malori ya wanunuzi binafsi wa kahawa yalikuwa yameanza kupanda mpaka vijijini. Madukani vilijaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu kwa watu waliosafiri: riboni, maputo, maua ya plastiki yenye matone ya umande, nayo ya plastiki.

Shida ilianza na jarida. Binamu yangu aliyekuwa akiishi Dar es Salaam aliniletea, akasema, "Chagua humo, usije ukatuaibisha." Ndani yake kulikuwa na picha ya ukumbi wa harusi, meza zimetandikwa vitambaa vyeupe, na kila mahali maua meupe, yameinama kidogo kana kwamba nayo yamealikwa. Niliitazama picha ile mpaka ukurasa ukachomoka. Nilipomwonyesha mama, aliishika mbali na uso, akaniuliza, "Hii ni harusi au hospitali?"

Mwenye duka, mzee wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka Kilwa, alinishauri ninunue maua yake ya plastiki. "Haya hayanyauki, binti yangu. Utawarithisha wanao." Ndiyo maana sikuyataka. Mkewe ndiye aliyenisaidia kweli. Alinisimamisha jikoni kwake akanifundisha pilau, jinsi ya kukaanga kitunguu mpaka kiwe cheusi karibu na kuungua lakini kisiungue. Niliunguza. Akasema hata yeye aliunguza alipokuwa mchumba, kisha akanipa mdalasini na iliki kwenye karatasi.

Padri alisema harusi ifungwe kabla ya Majilio, la sivyo tusubiri mpaka Noeli ipite. Kwa hiyo ikawa Novemba, na mtu wa kwetu atakuambia Novemba ni mwezi wa aina gani. Mvua za kwanza zinaanza, watu wako shambani tangu alfajiri, ghala la mahindi limeshuka, mboga bado hazijaota. Kila niliyemwendea kuomba msaada wa kupika alinijibu vizuri, "Tutakuja, mwanangu," huku macho yake yakiangalia jembe. Sikuwalaumu. Hata mimi asubuhi nilikuwa shambani.

Mama alikuwa na msimamo mmoja kuhusu chakula: kinapikwa kilichopo. Mimi nilikuja na jarida lenye keki ya ghorofa tatu, yeye akanihesabia kilichopo. Maharage yapo. Karanga zipo. Uyoga umeanza kuota baada ya mvua ile. Viazi vitamu vimebaki kwenye tuta la nyuma. Mbuzi wawili. Mchele utaletwa na wakwe, kwa kuwa kwao ziwani wanalima mpunga, na usipa wataleta pia, maana hata ukiwakataza wataleta. "Sasa hiyo keki," alisema, "itaota wapi?" Nilikasirika siku nzima. Jioni alinipikia uyoga na karanga za kutwanga, chumvi tu, hakuna kingine, nikala nimenuna na kulamba kidole. Nikakubali uyoga uingie kwenye karamu.

Hayo yote, keki na maua na pilau, ningeweza kuyaacha. Kitu kimoja nisingeweza: nilitaka baba anishike mkono tuingie naye kanisani.

Hii desturi ya baba kumpeleka binti mpaka altareni ilikuwa bado ngeni kwetu. Wengine waliifuata, wengine hawakuifuata. Baba hakuwa amemkataa mchumba wangu. Posa aliipokea kwa heshima, mahari aliipokea, hata usipa alikula. Ila nilipomwomba anipeleke, aliniambia, "Nikupeleke mimi? Wanaokutaka si wao? Waje wakuchukue." Nikamwomba tena nilipompelekea maji ya kunawa. "Tutaona," akasema. Nyumbani kwetu kila mtu alijua maana ya "tutaona" ya baba. Ile ya kununua redio tuliisikia mpaka tukakua.

Nilimpenda sana baba, na sikuwahi kumwambia, kwa sababu hakuna aliyekuwa akimwambia mtu jambo kama hilo. Tulipendana kwa kazi. Nilimshikia ngazi, nilimpelekea uji shambani, nilichambua kahawa pamoja naye mvua ikinyesha, hatusemi kitu, na hizo ndizo zilikuwa saa zangu nzuri. Kuingia kanisani na baba mdogo, ndugu yake, ambaye alishajiandaa na koti lake, kungekuwa kama kuolewa nikiwa yatima.

Siku moja kabla ya harusi, shangazi zake mchumba walifika kutoka ziwani kwa lori la mchele, kizunguzungu cha kona za mlimani kimewamaliza. Walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa mwanamke mpana, mcheshi, sauti yake ya kuitana kutoka mtumbwi hadi mtumbwi. Alishuka, akatapika kwa adabu nyuma ya nyumba, akanawa, akamsalimia mama kwa kupiga magoti, kisha akauliza kazi iko wapi. Nilimpenda papo hapo. Kwa kweli nilikuwa nimechoka kiasi kwamba ningempenda yeyote aliyeuliza swali hilo.

Nikampa jarida. "Shangazi, nataka kanisa liwe hivi. Maua meupe. Yapo chini kule kijitoni, yale marefu yenye kikombe kimoja. Hatununui chochote." Akaitazama picha, akatingisha kichwa kwa kuridhika, akachukua panga na wenzake wawili wakashuka. Mimi nikarudi kwenye maharage. Sufuria lilikuwa la kuazima kanisani, refu kiasi cha kutosha kumficha mtoto, na kulikoroga ilibidi nipande juu ya kigogo.

Njia ya kijitoni inapita katikati ya kahawa ya baba. Na kahawa ilikuwa imechanua.

Mtu ambaye hajaiona kahawa ikichanua sijui nimwambieje. Mvua ya kwanza ikipiga, zinapita siku chache, halafu asubuhi moja unaamka shamba lote ni jeupe. Maua yanakaa kwenye tawi yamebanana kama chapati zilizopangwa, na harufu yake inaingia mpaka ndani ya nyumba. Yanakaa siku mbili tatu, yamekwisha. Sisi tuliozaliwa milimani hatuyaiti mapambo. Tunapita katikati tumekunja nguo tusiyaguse, watoto wanachapwa wakikimbia humo. Kila ua ni punje ya mwakani.

Walirudi wakiimba. Niliwasikia kabla sijawaona, nikainua macho juu ya moshi, na kila mmoja alikuwa amekumbatia mzigo wa matawi ya kahawa, meupe pe, mpaka nyuso zao hazikuonekana. Shangazi mkubwa alisema, "Hatukufika hata kijitoni, mwanangu! Mungu amekupandia hapa hapa nyumbani!"

Mama aliweka mikono kichwani. Mimi niliteremka kwenye kigogo, nikakaa chini. Sikuwa na hasira. Hasira inataka nguvu, na zangu zilikuwa kwenye maharage. Niliwaza kitu kimoja tu: basi, baba sitampata tena.

Akatokea wakati huohuo, akiwa na jembe begani. Alisimama. Matawi yalikuwa yameshapangwa kwenye ndoo barazani, na wale shangazi wakamwamkia kwa pamoja, "Shikamoo, mkwe." Akaitikia. Kisha akachukua tawi moja, akaligeuza, akatazama pale lilipokatwa. Panga lilikuwa limelichana badala ya kulikata.

"Nani amefanya kazi hii?" Na wageni baba alizungumza Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa cha ofisini, kwa hiyo swali likatoka kama la mkaguzi.

"Ni sisi, mkwe," shangazi mkubwa akasema kwa furaha. "Yananukia kweli kweli!"

Baba akaweka tawi ndani ya ndoo taratibu. Akaingia ndani, akatoka na mkasi wa kupogolea, akashuka shambani. Chakula chake kilipoa mezani.

Mama ndiye aliyewaeleza. Nilitazama uso wa shangazi ukibadilika. Mmoja wa wenzake akaanza kulia, akajitetea kwamba kwao kahawa wanaijua ikiwa ndani ya kikombe tu, tena kwa nadra. "Nyamaza," shangazi akamwambia. Akafunga kanga yake ya pili kiunoni kwa nguvu. "Yuko wapi?"

"Mwache," mama akasema. "Yule akikasirika anaachwa."

"Hata mvuvi ukimharibia nyavu, unamfuata ukamwombe radhi," akasema, akashuka.

Kutoka jikoni niliweza kuwaona. Shangazi alipiga magoti kwenye udongo wenye maji. Baba hakugeuka. Alikuwa akisafisha majeraha ya mibuni, miti ile ya kahawa, anakata upya pale palipochanika, mmoja baada ya mwingine. Shangazi akakaa vile kwa muda mrefu, na mwanamke mpana haoni raha kupiga magoti. Mwishowe baba akasema kitu, naye akainuka, akashika tawi. Baadaye nilimwuliza aliambiwa nini. "Aliniambia: shika hapo," akajibu. "Nikashika." Walifanya kazi hivyo mpaka jua lilipozama. Waliporudi, baba alinawa akala, hakumtazama mtu. Mimi nilikuwa nimetupa matawi yote nyuma ya zizi la mbuzi. Sikumuuliza kuhusu kanisani. Nilikuwa nimechoka kumwomba, na nilijua kabisa kwamba mwenye kuomba wakati kama ule ananunua jibu baya.

Asubuhi nilivalishwa. Baba hakuwepo nyumbani. Mama alisema ametoka kabla ya wote na hajaaga. Tulikwenda kanisani kwa miguu, gauni nimelikunja mpaka magotini kwa ajili ya matope, wanawake wanaimba, pilau nimeiacha mikononi mwa shangazi mkubwa niliyemwelekeza kuhusu kitunguu mara tatu. Sikuwa nimekula tangu jana yake mchana. Kanisani hakukuwa na ua hata moja, ila kuta zilikuwa zimepakwa chokaa kwa Pasaka iliyopita, na kwa macho yaliyochoka ilionekana inatosha.

Baba mdogo alikuwa mlangoni, koti limepigwa pasi. Alinipa kiwiko. Nikakishika. Kwaya ikaanza, na sisi tukainua mguu.

"Subiri," mtu akasema nyuma yetu.

Baba alikuwa amesimama kwenye ngazi, amevaa koti lake jeusi la misibani, viatu vina udongo mwekundu, mikono ina utomvu wa majani. Alimwambia nduguye, "Nenda ukakae." Baba mdogo akatoa mkono wake polepole, amejiandaa kwa wiki nzima, maskini, akaenda kukaa. Baba akauchukua mkono wangu na kuubana ubavuni mwake kama mtu anayebeba kuni.

Tulitembea. Nilitaka kumwomba radhi kwa ajili ya wakwe, nikaanza, "Baba, ile mibuni..."

"Mibuni itachipua," akasema kwa Kimatengo, lugha yetu ya nyumbani, bila kugeuza uso. Tukapita benchi moja, la pili. Kisha akaendelea. "Haikuwa mibuni. Unaondoka, na mimi nilikuwa natafuta kitu cha kukasirikia kwa miezi yote hii, nakikosa. Yule kijana ni mzuri. Wakaja wale mama wakaniletea."

Nikalia, na gauni likanibana, na sikuweza hata kuvuta pumzi vizuri. Baba akasimama katikati ya kanisa kuningoja nimalize. Padri alitazama saa, baba akamtazama padri, na padri akaishusha mikono yake akangoja na yeye.