Kapteni Apewa Lango

Ilianza Jumapili saa tisa alasiri, mwaka wa pili baada ya Uhuru. Wazee wa ukoo walikuwa wameketi uani kwetu Lambwe kuamua kama Kapteni atapewa mahali pa kufungua boma lenye lango lake mwenyewe. Mimi niligawa chai nikiomba mtu asinisemeshe.

Kapteni alikuwa mzungu mzee, mpima ardhi. Alifanya kazi na baba miaka ile vichaka vya mbung'o vilipokuwa vikifyekwa. Kwao Latvia alikuwa afisa wa mizinga, kati ya vita vikuu viwili. Alinisimulia mwenyewe: farasi, gwaride, buti za kung'aa. Halafu Warusi wakaingia. Maafisa wenzake waliitwa mazoezini, wakanyang'anywa silaha, na wengi hawakuonekana tena. Yeye alipona kwa sababu alikuwa hospitalini, mguu umevunjika; vita vilipokwisha akaja huku kupima ardhi. Niliitafuta nchi yake kwenye ramani ya shule, haiko; Warusi walikuwa wameimeza. Sasa kazi ilikuwa imekwisha, nyumba ya serikali pale Homa Bay alitakiwa aihame, na hakuwa na kwao pa kurudi.

"Boma hufunguliwa na mtu mwenye mke wa kubeba moto na mwana wa kubeba jogoo," mzee mmoja alisema. "Huyu ana nini?"

"Ana mguu mbovu," mwingine akajibu. Wakacheka.

Baba hakucheka. "Akikaa kwangu kama mgeni tu, siku akifa tutamzika wapi? Nje ya ua?"

Kapteni akasimama wima kama yuko gwarideni. "Wazee, jogoo mimi naweza beba mwenyewe."

Wakacheka hadi chai ikamwagika. Nilimwonea huruma sana.

Ndipo nyanya, mama yake baba, aliyekuwa mjane, akatoka jikoni. "Jogoo atabeba mwanangu. Moto nitabeba mimi."

"Mama! Watu watasema umeolewa!" baba akasema.

"Waseme. Baba yenu alinioa hana hata viatu."

Wazee wakatazamana, wakakubali.

Kulipokucha baba alitangulia na jogoo, nyanya akafuata na makaa kwenye kigae, Kapteni katikati yao akichechemea. Nyumba ya kwanza sharti isimame siku hiyohiyo, kwa hiyo nilichota maji ya kukandia udongo.

"Umechoka, binti?" Kapteni aliniuliza.

"Bado, babu," nikasema, nikarudi mtoni na debe langu.