Karatasi haina meno ya kucheka

Ninakumbuka asubuhi moja ya likizo, mwanangu, vidole vyangu vikinuka wino na kichwa changu kikinuka kiburi. Usicheke nikikuita mwanangu. Ndevu zangu ni tatu tu, na ya tatu ingali na mashaka, lakini wewe unaingia masomo ya misioni na mimi niko karibu kuyamaliza. Aliyetangulia kuvuka muto njo anajua mawe yako wapi, hata kama alivuka akianguka. Kaa basi.

Wakati ule papa yangu, Bauma wa Kingi, alikuwa shofere wa lori. Bwana wake, muzungu mumoja wa Masisi, alipeleka viazi na maziwa. Bwana mwingine kule Walikale alipeleka mawese na mupunga. Huyu wa Walikale alichoka na mvua, akauzisha malori yake kwa yule wa Masisi, akarudi kwao. Kompanyi mbili zikakuwa moja. Malori yalielewana siku ile ile, maana lori haina ukoo. Watu njo walishindwa.

Mashofere walikuwa tisa, malori nane. Bwana akataka lisiti moja ya majina, kutoka mukubwa wa kazi mpaka mudogo. Wa juu wangepata malori mapya na mushahara muzuri. Wa tisa angeshuka kwenye usukani, akuwe boyi-shofere, yule wa kuzungusha manivele injini iwake na kutia gogo chini ya gurudumu kwenye mulima. Sasa mukubwa ni nani? Watu wa Masisi walihesabu miaka toka siku muntu alipata permi, karatasi ya ruhusa ya kuendesha. Watu wa Walikale walihesabu toka siku alishika manivele mara ya kwanza, hata kama hakujua bado breki ni mguu gani. Kwa hesabu yake, kila upande ulikuwa na wakubwa watupu.

Walibishana siku mbili kwenye uwanja wa malori. Aliyewatuliza ni Papa Paulo wa Itebero, mwenye mvi kupita wote, yule aliyemufundisha papa yangu usukani zamani. Alisema kwa sauti ya chini kwamba wanaokula sahani moja hawaulizane nani alizaliwa mbele. Mukono wa huku unaingia, mukono wa kule unaingia, na chakula kinaisha bila vita. Lisiti iandikwe vile: mumoja wa Masisi, mumoja wa Walikale, mpaka chini. Wa kwanza awe wa Masisi, na wa tisa pia awe wa Masisi, hapo hakuna atakayesema ameibiwa. Wakakubali. Papa yangu akawa wa kwanza, Papa Paulo wa pili. Wa tisa alikuwa kijana wa Kirolirwe, asiye na bibi wala mutoto, akakubali kungojea lori ingine.

Wakaniita mimi niandike, maana maandiko yangu yalikuwa mazuri kupita tabia yangu.

Mwanangu, kwenye karatasi ile bwana aliacha nafasi kandokando ya kila jina, ya kutia neno juu ya muntu. Waliniambia nitie miaka tu. Lakini nafasi tupu mbele ya mutoto mutani ni shamba lisilo na lupango ya miti mbele ya mbuzi. Kwa papa niliandika: anaimba vibaya, breki zake nzuri. Kwa Papa Paulo niliandika: anaogopa vilalo kama paka anavyoogopa maji. Wote walijua kwamba kwenye kila kilalo, daraja la magogo kule pori, mzee alisimamisha lori, akashuka, akakivuka kwanza kwa miguu akikigonga na fimbo. Mashofere wa milima walimucheka, na mimi nilikuwa wa kwanza kucheka.

Nilifikiri watacheka tena pamoja. Lakini walitia kidole cha wino tu kuwa sahihi yao, hawakusoma, kwa sababu waliniamini. Karani wa bwana akaipeleka karatasi kwake, akaigeuza Kifaransa, na Kifaransa hakikunijua.

Kesho yake karani akasoma lisiti mbele ya wote. Papa Paulo, wa tisa. Shofere anayeogopa vilalo, bwana alisema, hawezi kubeba mali yake. Kijana wa Kirolirwe alikuwa amepanda mpaka wa nane. Watu wa Walikale wakasimama. Mumoja alimwambia papa yangu, "Bauma, ulishindwa na mudomo, ukatutumia mutoto wako." Wakatupa funguo zao chini, wakasema watarudi kwao na miguu.

Papa aliniangalia mara moja tu. Hakunipiga. Ningefurahi kama angenipiga.

Papa Paulo ndiye aliyeokota funguo. Akazirudisha kwa wenyewe, moja moja, akawaomba wangojee mpaka jioni. Halafu akashika manivele, akamuzungushia papa yangu injini, mwalimu akimuzungushia mwanafunzi. Akaniambia, "Panda, toto."

Tulishuka upande wa Walikale mpaka kilalo cha kwanza. Papa akasimamisha lori bila kuambiwa. Pale njo nilijua kwamba hata yeye anashukaka kila mara, ila mimi sikuwahi kuwa pale kumuona. Papa Paulo akanipa fimbo.

"Gonga. Usiangalie, sikiliza."

Nikagonga gogo kwa gogo mpaka ngambo. Yote yalilia vizuri. Na mudomo wangu, unaujua, haukuweza kulala. "Papa, kiko kizima. Tulishuka bure."

"Na kile kingine kilikuwa kizima jana yake," akasema Papa Paulo.

Akanielezea bila haraka. Alipokuwa kijana alivuka mbiombio, akiimba. Gogo likavunjika. Boyi-shofere aliyekaa juu ya mizigo alikuwa mudogo wake wa damu, Yakobo. Yeye alitoka mu maji, Yakobo hakutoka.

"Toka pale sivushe muntu mbele ya miguu yangu kuvuka kwanza. Uliandika kweli, toto: ninaogopa. Lakini karatasi haina meno ya kucheka. Wewe ulicheka, yenyewe ikasema tu."

Niliuliza nifanye nini. "Mukono ulioandika njo utakaofuta."

Tuliporudi nilienda kwa bwana. Nilimwambia karani kila kitu, hata ya paka, akakigeuza. Bwana akasema niandike upya, na nioshe malori nane mpaka likizo iishe. Niliyaosha. Kijana wa Kirolirwe akarudi wa tisa, akaniambia ameisha onja ukubwa siku nzima, hauna chumvi.

Nilipofika kwenye jina la pili nilimuuliza Papa Paulo nitie neno gani. Akasema, "Tia ile ile. Toa tu paka." Nikaandika: anavuka kilalo kwa miguu kwanza. Safari hii nilisomea wote kwa sauti mbele hawajatia kidole. Bwana aliposoma akaniagiza niandike neno lile kandokando ya majina yote tisa, iwe amri kwa wote.

Watu wa Walikale walibaki. Mimi namushukuru mzee yule mpaka leo, maana angeweza kunilaani na akanipa fimbo. Lori yake ikipita hapa kwenye misioni anapiga honi mara mbili, na mimi naacha hesabu, nasimama. Mwalimu amechoka kuniuliza kwa nini.

Basi mwanangu, taniana, kucheka si zambi, mimi mwenyewe sitaacha. Lakini utani utoe mu mudomo, fasi pale wanaona uso wako. Ukishika kalamu kwa jina la muntu, jua unashika usukani, na yeye amekaa juu ya mizigo. Na ukimuona mukubwa anashuka pale wewe ungepita mbio, usimucheke mbele ya kumuuliza nani alibaki mu maji.

Mungu akupe vilalo vizima, na pale visipo vizima akupe muntu wa kukutangulia na fimbo. Na siku moja, mwanangu, fimbo ile ikukute wewe mukononi.