Ngata ya Bega la Baba

Juzi pale benki nilimwona askari polisi ana shotgani mpya nyeusi, mwisho wa kitako chake umewekwa mpira. Nikacheka peke yangu, halafu nikaona aibu maana watu waligeuka.

Nilikuwa mdogo, miaka ile wakimbizi walipokuwa wanashuka kwenye maboti pale Kibirizi, ufukweni mwa ziwa, kila siku, na Baba alikuwa askari wa zamu pale. Mchana mmoja alirudi nyumbani bega limevimba. Kiboko aliibuka karibu na watoto wa wakimbizi waliokuwa wanaoga, Baba akafyatua shotgani yake hewani kumtisha. Mama alimkanda kwa mawese ya vuguvugu, nyumba nzima ikanukia.

"Kwa hiyo bunduki yako mwenyewe ndiyo imekupiga, Baba Zawadi?"

"Taratibu, Mama Zawadi! Nilikuwa na haraka, sikuikaza begani. Ukiiachia nafasi inakugonga. Na yenyewe nyepesi, risasi zake nzito."

Mimi nilichoelewa ni kwamba bunduki haimpendi Baba, na siku nyingine itamuua. Nikachukua ngata ya Mama, ile ya kitenge aliyokuwa anabebea beseni la dagaa kichwani, nikampa huku nalia.

"Weka hapa begani, isikupige tena."

Baba hakucheka. Kesho yake aliivaa ndani ya shati la kazi, akatoka bega moja limepanda kama kichuguu. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Jana nilimwambia Baba kwamba siku hizi bunduki zina ngata zao za mpira. Akajishika bega.

"Yako ilikuwa inanuka dagaa," akasema. "Niliivaa mpaka ikachanika."