Tarumbeta katika Chumba cha Kufulia

Wanafunzi wake walimwita Tarumbeta, wakidhani ni siri, kumbe mwenyewe alijua tangu mwaka wa kwanza. Kwa miaka thelathini na moja alifundisha Kiingereza darasa la watoto tisini chini ya bati tupu, na mvua iliponyesha hakusimamisha somo. Vitabu vilikuwa haba, kwa hiyo sauti yake ndiyo ilikuwa kitabu. Ilikuwa nene, yenye mkwaruzo, na ilifika dawati la mwisho bila kuchoka.

Alipostaafu alijiunga na kwaya ya kanisa lake. Alidumu wiki tatu tu. Kiongozi wa kwaya, kijana mpole aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alimvuta pembeni huku akitazama viatu vyake mwenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu. Samahani sana. Wenzako wanasema hawajisikii wakiimba."

"Wanasema, au unasema?"

"Tunasema, Mwalimu."

Alirudi benchi la nyuma na kunyamaza. Iliuma, na ambaye hajawahi kuambiwa kwamba sauti yake inasumbua watu asijifanye anajua inavyouma. Kwa hiyo kanisa lilipotafuta mtu wa kwenda misheni ng'ambo kwa miezi sita, akafundishe watu wazima Kiingereza katika kanisa rafiki, aliinua mkono kabla tangazo halijaisha. Binti yake alishika kichwa.

"Mama, una miaka sitini na miwili! Huko unamjua nani?"

"Namjua anayenituma. Hebu nitafutie sweta."

Huko alipewa chumba nyuma ya kanisa, ubao mweupe na wanafunzi saba. Siku ya kwanza alifanya kosa ambalo angelifanya mwalimu yeyote wa watoto tisini: alisimama hatua mbili mbele ya watu saba, akafundisha watu tisini. Salamu yake tu ilitosha kumwangushia bibi mmoja miwani. Wiki ya pili walibaki wanne. Wiki ya tatu walibaki wawili, na mmoja wao alikuwa mzito wa kusikia.

Mchungaji mwenyeji alimjia kwa adabu.

"Mwalimu, watu wanalalamika kwamba unawagombeza."

"Simgombezi mtu, Mchungaji. Ndivyo ninavyoongea."

"Basi tungoje mwisho wa mwezi. Wasipofika kumi, tutafunga darasa, wewe urudi nyumbani ukapumzike."

Kupumzika! Alijua maana yake. Angerudi amefyata mkia, aketi kwenye lile benchi la nyuma mpaka azikwe. Alijaribu kufundisha kwa kunong'ona, akaishia kukohoa siku mbili.

Mwanafunzi wa pili, yule aliyesikia vizuri, alikuwa mfuaji katika hospitali iliyo ng'ambo ya barabara. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkimya hata ukitaka kumsikia ni lazima uiname, na kila mara alifika amechelewa, ananukia sabuni, macho yamejaa usingizi. Siku alipokosa kabisa, Mwalimu alimfuata kazini. Wahenga wa ualimu wangesema anajipendekeza, lakini mtu mwenye wanafunzi wawili hana haki ya kuringa.

Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya jengo. Mashine sita zilinguruma, na wafanyakazi walielewana kwa ishara za mikono. Walikunja mashuka wawili wawili: kila mtu ashike pembe mbili, wavute, kisha wafuatane mpaka pembe zikutane. Msimamizi, aliyejua ametoka kanisani, alimsogelea sikioni.

"Kazi isisimame! Na mahubiri hapa hatutaki!"

"Haitasimama. Nipe shuka."

Alishika ncha moja, mfuaji akashika ya pili. Wakavuta, na Mwalimu akamuuliza jina lake kwa Kiingereza. Sauti ilipita juu ya zile mashine kana kwamba hazipo. Vichwa vyote viligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu afike ng'ambo, hakuna aliyekunja uso. Mfuaji alijibu kwa kuchezesha midomo tu.

"Sikusikia! Tunaanza upya!"

Ikawa ndiyo sheria. Swali mkiwa mbali, jibu kabla pembe hazijakutana, na asiyesikika, shuka linakunjuliwa. Mara ya nne mfuaji alijikaza kisabuni, akalitamka jina lake kwa nguvu hata mwenyewe akaruka. Chumba kizima kilipiga makofi.

Tangu hapo Mwalimu alikunja mashuka kila siku, na wafuaji wengine wakaanza kugombea zamu ya kushika ncha ya pili. Siku moja mfuaji akamuuliza, kwa Kiingereza chake kipya, kwa nini mtu mzima aache watoto wake aje kufanya kazi hii bila mshahara. Mwalimu alimtazama msimamizi. Huyo alikataza mahubiri, hakukataza majibu. Kwa hiyo akamjibu habari za Yesu kwa sentensi tatu fupi, pembe zikakutana, wakachukua shuka jingine.

Mwisho wa mwezi mchungaji alikuta kile chumba cha kanisa kitupu, akaelekezwa hospitalini. Alisimama mlangoni akisema jambo ambalo hakuna aliyelisikia. Kutoka mwisho wa chumba Mwalimu alimwitia, "Mchungaji, hesabu!" Alihesabu kwa kidole. Walikuwa kumi na tisa, na darasa halikufungwa.

Jumapili ya kumuaga, wafuaji walikuja kanisani, wengi wao kwa mara ya kwanza. Mwalimu aliketi nyuma, kwa mazoea. Yule mwembamba aliitwa kusoma zaburi kwa Kiingereza. Mchungaji alimshushia kipaza sauti, naye akakisogeza pembeni kwa upole, akasoma. Mtoto mmoja aliamka akilia. Wa benchi la mbele walirudi nyuma kidogo. Ilikuwa sauti nene, yenye mkwaruzo, na Mwalimu aliitambua, maana ilikuwa yake. Alijivuna waziwazi, machozi yakimtoka.

Mfuaji alipomaliza aliinua macho.

"Mwalimu! Umesikia huko nyuma?"

Kanisa zima liligeuka. Mwalimu alisimama, kichwa juu, akajibu kwa sauti ile ile aliyopewa na Mungu, bila kuipunguza hata kidogo.

"Nimesikia!"